Makosa ya muvi: gari la Commando tuliliona, mbona jicho la bibi hatulioni?

Kama umewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza, iwe Kahama, Katoro au Ngokolo, basi Commando unaijua. Ni muvi ya mwaka 1985, steringi ni Arnold Schwarzenegger, binti yake ametekwa na yeye anawasaka maadui mmoja mmoja. Kuna sini anamfukuza jamaa anayeendesha Porsche ya njano. Ile Porsche inapinduka, inalalia ubavu na kusuguana na lami mpaka unaionea huruma. Steringi anamalizana na adui pale kwenye korongo, anarudi, anaisimamisha gari kwa mikono yake, anaingia na kuwasha. Picha inakata. Gari linaondoka halina hata mkwaruzo.

Hapo ndipo kibanda kinapolipuka. Mmoja anauliza gari limenyooshwa saa ngapi. Mwingine anajibu fundi alikuwa kwenye buti. Wa nyuma kabisa anamaliza: "Hiyo chai!" Na wote wanaopiga kelele hizo hawajawahi kusomea filamu popote. Yupo dereva bodaboda, yupo muuza maji, yupo kijana aliyetoka duarani asubuhi ile ile na vumbi halijamtoka nywele.

Muvi hii ina umri wa miaka zaidi ya 40 na bado kosa hilo linachekwa. Ila kuna makosa mengine, makubwa kuliko hilo, ambayo yamepita kwenye skrini zile zile mbele ya macho yale yale na hakuna aliyepiga kelele. Hayo mengine yameacha makaburi. Twende taratibu, tuanzie kwenye hayo madogo.

KAZI YA MTU ASIYEJULIKANA

Kwanza ieleweke kwa nini makosa haya yanatokea. Muvi hairekodiwi kwa mpangilio unaouona. Sini zote za sebuleni zinapigwa kwa mkupuo kwa sababu nyumba imekodiwa kwa siku chache, za barabarani zinapigwa siku nyingine. Mhusika anaweza kufungua mlango Jumatatu na kukaa kwenye kochi Alhamisi. Kwenye skrini hayo mawili yanapishana kwa sekunde 2 tu.

Sasa nani anakumbuka kwamba Jumatatu shati lilikuwa limefunguliwa vifungo viwili? Kwamba juisi ilibaki nusu glasi? Kwamba bandeji ilikuwa mkono wa kushoto? Hiyo ni kazi ya mtu wa mwendelezo, wenyewe kwenye fani wanaita kontinyuiti. Anakaa pembeni ya kamera na daftari, anaandika kila kitu, na zilipokuja kamera za Polaroid zinazotoa picha papo hapo akaongezewa silaha. Hollywood ya zamani kazi hii walipewa wanawake, na waliitwa wasichana wa skripti hata kama mtu ana wajukuu. Muvi nyingi za wakati ule zilimalizika bila jina la huyo mwanamke kuandikwa popote.

Ni kazi ya ajabu. Ukiifanya vizuri hakuna anayejua kama upo, ukikosea dunia nzima inacheka. Kwenye Pretty Woman ya 1990, Julia Roberts anakula kifungua kinywa ameshika kroisanti, picha inageuka, anatafuna chapati maji ya Kizungu. Mwaka 2019 Game of Thrones, tamthilia iliyotumia fedha za kutisha, ilirushwa na kikombe cha kahawa cha kisasa kimekaa mezani katikati ya wapiganaji wa mapanga. HBO walikifuta kwa kompyuta ndani ya siku chache, lakini picha ilishasambaa kila simu.

Kwa hiyo mtu asidanganywe kwamba makosa haya ni ya Bongo tu.

WAZUNGU, KUKU NA SINEMA

Hii sehemu wengi hawaijui. Mwaka 1935 kule Vugiri, milima ya Usambara karibu na Korogwe, ulianza mradi wa sinema kwa ajili ya Waafrika. Mkuu wake wa kazi alikuwa Meja Notcutt, fedha kubwa ikitoka shirika la Carnegie la Marekani. Mpaka unafungwa mwaka 1937 ulikuwa umetoa filamu 35. Filamu za kilimo, minyoo, kuweka akiba posta, kulipa kodi. Waigizaji walikuwa Watanganyika wenyewe na maelezo yalitolewa kwa lugha za wenyeji, Kiswahili kikiwemo.

Baada ya hapo Uingereza ikaanzisha kitengo cha filamu cha makoloni mwaka 1939. Hawa nao walikuwa na imani yao: Mwafrika hawezi kufuata sinema ya kawaida. Picha ikikatwa haraka atachanganyikiwa. Kwa hiyo filamu iende polepole, isiwe na ujanja wa kamera, na mtu akitoka nyumbani kwenda shambani aonyeshwe akifungua mlango, akitembea njiani, akifika. Mwendelezo usikatike kabisa, eti mtazamaji asije akapotea.

Kuna kisa kimoja kilichotoka kwenye mawazo hayo ambacho kimesimuliwa na wasomi mpaka leo. Mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha London, John Wilson, alikichapisha mwaka 1961. Bwana afya alitengeneza filamu fupi ya kufundisha kijiji namna ya kuondoa maji yaliyotuama. Ilikuwa ya polepole kweli kweli. Baada ya kuionyesha akawauliza wanakijiji wameona nini. Wakajibu wameona kuku.

Wazungu wakashangaa, kuku gani? Filamu yao haikuwa na kuku. Ikabidi waipitie picha moja baada ya nyingine, na kweli, kwenye pembe ya picha, kwa muda wa kama sekunde moja, kuku alipita akiruka.

Kisa hiki kikatumika kama ushahidi kwamba Mwafrika hajui kutazama sinema. Lakini kitafakari vizuri. Mtengenezaji alikaa na filamu yake, akaikata, akaiunga, asimwone kuku. Wanakijiji waliiona mara moja tu wakamwona. Hapo nani hakujua kutazama? Leo Hollywood inamlipa mtu mshahara ili amwone huyo kuku kabla mtazamaji hajamwona.

KIBANDANI, MTAFSIRI ANAZIBA MASHIMO

Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka mwaka 1994, wakati Zanzibar wanayo tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo kwa watu wengi wa kanda ya ziwa, deki ya video ilitangulia kituo cha televisheni. Mwenye deki, skrini na jenereta alikuwa na biashara. Turubai, benchi za mbao, kiingilio cha shilingi chache, na ubao nje umeandikwa kwa chaki picha za leo. Penye wachimbaji penye hela ya mkononi, na penye hela ya mkononi kibanda hakikosekani.

Tatizo lilikuwa lugha. Rambo anaongea Kiingereza, Jet Li Kichina, Mhindi analia kwa Kihindi. Wakatokea watafsiri. Anayekumbukwa zaidi ni Derek Mukandala wa Dar es Salaam, watu wanamjua kwa jina la Lufufu, ambaye sauti yake iliwekwa juu ya filamu za nje na kanda zake zikauzwa nchi nzima. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana mavijei wao, kazi ni hiyo hiyo.

Kutafsiri huku kulikuwa na siri yake. Mtafsiri hakuwa anageuza maneno tu, alikuwa anaitetea picha. Muvi ikiruka kutoka mchana kwenda usiku bila maelezo, yeye anasema "masaa yakapita". Mhusika akitokea kutoka hewani, yeye anasema "kumbe huyu alikuwa amejificha muda mrefu". Na gari likirudi jipya baada ya kupinduka, yeye anatupia utani watu wacheke, wasibaki wananuna.

Hapo utaona kibanda kinachofanya kweli. Kinaukubali uongo, ila kinataka uombewe ruhusa. Si kitu kipya hicho. Hadithi za bibi zilianza na msimuliaji kubisha hodi, na watoto kuujibu wenyewe: uongo njoo, utamu kolea. Uongo unaalikwa kama mgeni. Ila mgeni naye ana adabu zake.

BONGO MUVI NA MTOTO WA SHINYANGA

Mwaka 2003 ikatoka Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, na kuanzia hapo soko la filamu za Kiswahili likafumuka. Nyuma yake kulikuwa na vikundi vya maigizo vilivyokuwa vikirushwa ITV, Kaole Sanaa Group likiwa ndilo gumzo, na tamthilia zilizowafanya watu wawahi nyumbani.

Ndani ya Kaole alikuwemo kijana aliyezaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984, Steven Kanumba. Kilichofuata kinajulikana. Dar 2 Lagos ya 2006 ikawaunganisha Watanzania na Wanigeria, Oprah ikatikisa 2008, Devil Kingdom ya 2011 akacheza na Ramsey Nouah. Alipofariki tarehe 7 Aprili 2012 akiwa na miaka 28, nchi ilisimama na barabara za kwenda makaburi ya Kinondoni zilifurika watu. Kwa vijana wa Shinyanga yule alikuwa ushahidi kwamba mtu anaweza kutoka kwao akafika.

Ila ukweli usemwe. Filamu za kipindi kile zilikuwa na makosa ya kumwaga. Mgonjwa mahututi amelala na kope za bandia na lipstiki ambayo haijaguswa. Mke analala na wigi la kusuka na kuamka na wigi jingine. Sebule ya tajiri wa muvi hii ndiyo sebule ya tajiri wa muvi ile, mpaka mtazamaji anayajua makochi kwa majina. Mtu anatekenya simu imezimwa, skrini nyeusi kabisa, huku analia "usinifanyie hivyo mpenzi". Polisi wanakuja na gari la mtu binafsi.

Mashabiki wengi walihitimisha kwamba waigizaji wetu hawana akili. Hapana. Angalia namna kazi ilivyofanyika. Filamu nyingi zilipigwa kwa siku chache, wiki moja, wiki mbili. Mara nyingi hapakuwa na skripti ya kila neno, kulikuwa na muhtasari wa kisa na mwigizaji anajaza maneno mwenyewe. Nguo ni za mwigizaji mwenyewe. Nyumba ni ya kuazima. Halafu kisa kimoja kinakatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe DVD mbili, hivyo sini ya mtu kutembea kutoka getini mpaka mlangoni inarefushwa mpaka unaweza kwenda kununua karanga ukarudi hajafika.

Katika mpango huo, mtu wa mwendelezo ndiye wa kwanza kukatwa kwenye bajeti. Mwenye kamera lazima awepo. Mwigizaji lazima awepo. Wa kuangalia bandeji ipo mkono gani anaonekana ni anasa.

UONGO UNA SHERIA ZAKE

Sasa kuna jambo la kushangaza. Kibanda hicho hicho kinachomcheka mgonjwa mwenye lipstiki, kilikaa kimya kwa hofu mbele ya Shumileta, muvi ya Mussa Banzi ya mwaka 2005 yenye jini la kike. Hakuna aliyesimama akasema majini hayaji kwa staili hiyo. Jini limesamehewa, lipstiki haikusamehewa.

Sababu ni kwamba kila hadithi inakuja na sheria zake. Muvi ikikwambia mwanzoni kwamba hapa kuna majini, umeshakubali. Lakini haikukwambia kwamba kwenye dunia hii wagonjwa wanajipodoa wakiwa hawajitambui. Hapo imevunja makubaliano. Hata steringi kutouawa na risasi 200 ni makubaliano, kila mtu analijua hilo tangu anakata tiketi. Gari kujinyoosha lenyewe halikuwemo.

Jambo la pili, mtazamaji anakamata kosa kwenye eneo analolijua kwa mikono yake. Mpe dereva muvi, atakwambia gia haikubadilishwa. Mpe nesi, atakwambia dripu imefungwa. Na ukitaka kuona balaa, mpe mchimbaji wa Geita muvi ya dhahabu.

Chukua The Italian Job ya 2003. Wezi wanagombania dhahabu ya dola milioni 35 na mwishoni wanaitorosha ndani ya Mini Cooper tatu zinazokata kona kama pikipiki. Kwa bei ya dhahabu ya mwaka ule, mzigo wa dola milioni 35 unakaribia tani 3. Hata ukitoa ile iliyokwisha kuuzwa, bado huo ni mzigo wa lori, si wa vigari vile. Pao moja la dhahabu la kawaida la benki lina uzito wa takriban kilo 12.4, ilhali kwenye muvi watu wanarushiana mapao kama wanapeana mkate. Dhahabu ni nzito mara 19 kuliko maji. Chupa ya maji ya lita moja ukiijaza dhahabu tupu inapita kilo 19. Mchimbaji hahitaji kuyasoma haya, kiganja chake kinayajua.

Na muvi ikimwonyesha mtu anainama mtoni Geita anaokota bonge linang'aa, kibanda kizima kitamzomea. Wao wanajua hatua zote. Unashuka duarani, unashindilia matimba lisikuangukie, unapandisha mawe, unapeleka karasha yasagwe, unaosha kwenye mwalo, unakamata kwa zebaki, unachoma kwa moto. Tani nzima ya mawe inaweza kukupa gramu chache tu. Ukikata hatua moja hapo katikati, wameshakukamata.

SINI ZILIZOKATWA

Sasa tufike kwenye yale makosa makubwa.

Kuna kisa ambacho kimerudiwa kwenye filamu nyingi za Nigeria na za kwetu, tangu Living in Bondage ya 1992 iliyowasha moto Nollywood. Masikini anaonewa. Anapelekwa kwa mganga au kwenye chama cha siri. Anaambiwa atoe kafara, damu ya mtu. Anatoa. Picha inakata. Sini inayofuata anashuka kwenye gari kubwa, nyuma yake ghorofa, mlinzi anafungua geti.

Swali: pesa imetoka wapi? Nani ameileta, kwa biashara gani, kwa benki ipi? Kati ya sini ya mganga na sini ya gari kuna shimo ambalo lori linapita. Gari la Commando lilirudi likiwa zima, tukacheka. Hili gari limetokea kutoka hewani kabisa, na kibanda kimenyamaza. Mchimbaji yule yule ambaye hakubali dhahabu irukwe hatua hata moja, hapa anaruka hatua zote na kuona sawa.

Muvi hizo mara nyingi zinamwadhibu mtoa kafara mwishoni, anakuwa kichaa au anafia barabarani. Kwa hiyo zinasema zimefundisha maadili. Lakini hata adhabu ile inathibitisha jambo moja: kwamba kafara ilifanya kazi.

Kosa la pili ni la bibi. Mchawi wa kwenye muvi unamjua. Ni mwanamke mzee, anaishi peke yake, na kamera ikimsogelea usoni macho ni mekundu. Wapaka rangi wa filamu wanajua kwamba hiyo inatosha, hata asipoongea neno mtazamaji ameshaelewa.

Ila Usukumani macho mekundu ya bibi yana historia, na historia yenyewe inajulikana. Misitu ya Shinyanga ilifyekwa miaka mingi, kwanza kuwaua mbung'o, kisha kupanua mashamba ya pamba na malisho. Mkoa ukawa mkavu mpaka ukaitwa jangwa la Tanzania, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, kurudisha miti na ngitili. Miti ilipokwisha, wanawake walipika kwa kilichobaki: mabua ya mahindi, miti ya pamba, kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Moshi wake unauma. Mwanamke aliyeinama juu ya mafiga miaka 50, ndani ya kijumba kisicho na dirisha, macho yake yatakuwa na rangi gani?

Filamu ilikata sini ya jiko, ikabakiza sini ya jicho.

Na hapa si suala la kucheka tena. Kati ya mwaka 1970 na 1984, hesabu za serikali zilionyesha watu zaidi ya 3,000 wameuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wengi wakiwa wanawake. Wengi wa hao walikuwa bibi wa kawaida, mayu wa mtu, aliyelea na kupika. Majina yao ni nadra kuyakuta kwenye filamu au kwenye vitabu vinavyouzwa.

Baadaye ikaja zamu ya watu wenye ualbino. Kuanzia mwaka 2007 mauaji yao yalishtua dunia, na kanda ya ziwa ndiyo ilitajwa zaidi, kwa imani kwamba viungo vyao vinaleta dhahabu duarani na samaki kwenye nyavu. Mwaka 2010 watafiti waliofanya kazi miongoni mwa wachimbaji wadogo walichapisha makala kuhusu uhusiano huo kati ya hirizi za bahati na biashara ya dhahabu. Septemba 2009, Mahakama Kuu ikiwa Kahama iliwahukumu kifo wanaume watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 mwenye ualbino wilayani Bukombe, eneo ambalo wakati ule lilikuwa Shinyanga na leo ni mkoa wa Geita. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini.

Walioua waliamini ile ile hadithi yenye shimo: kafara, picha inakata, utajiri.

JE, NI KOSA LA MUVI?

Wakati wa mauaji yale wapo walionyooshea kidole filamu za Nigeria, kwamba ndizo zimewafundisha watu. Hapo tuwe waangalifu. Mauaji ya vikongwe yalihesabiwa tangu 1970, wakati kijijini hakuna deki wala jenereta. Sheria ya uchawi nchini ni ya mwaka 1928. Imani ilikuwepo kabla ya kanda ya kwanza kuingia Shinyanga, na muvi haijawahi kushika panga.

Lakini hilo haliisafishi muvi moja kwa moja. Muvi ilikuta imani ipo, ikaipa sura, rangi na muziki wa kutisha. Mtu aliyekuwa na wasiwasi tu kuhusu jirani yake, amemwona jirani huyo kwenye skrini. Na hapa ndipo jibu la swali letu lilipo. Gari la Commando lilikamatwa kwa sababu mtazamaji alikuja kibandani akijua kwamba bati likikunjwa halijinyooshi. Jicho la bibi halikukamatwa kwa sababu mtazamaji alikuja na kosa hilo kutoka nyumbani, tayari limo kichwani. Muvi na mtazamaji wote walikosea sehemu moja, kwa hiyo hakuna aliyeona tofauti.

Ndiyo maana kitu kuaminika na kitu kuwa cha kweli ni mambo mawili. Muvi inaaminika inapofanana na tunachokijua, hata kama tunachokijua ni kibovu.

Zipo kazi zilizojaribu kurudisha sini zilizokatwa. White Shadow ya 2013, iliyopigwa hapa Tanzania, inamfuata kijana mwenye ualbino ambaye baba yake ameuawa, na ikapata tuzo ya filamu ya kwanza ya mwongozaji kwenye tamasha la Venice. Pale yule anayeitwa dili mtaani anakuwa mtu anayeogopa, anayecheka, anayeuza vitu barabarani ale. Tatizo ni kwamba kazi kama hizo zinatembea sana Ulaya, kwenye mabenchi ya Katoro zinafika kwa nadra.

Kwa wanaotengeneza filamu leo kwa kamera za kisasa na hata kwa simu, kuna jambo jepesi la kufanya. Mtu wa mwendelezo akae na daftari lake kama kawaida, aangalie wigi na bandeji. Ila aongezewe ukurasa mmoja. Kila anapotokea bibi mwenye macho mekundu, aandike: ameyapata wapi? Kila anapotokea tajiri wa ghafla, aandike: hii hela imepita wapi? Akikosa jibu, hiyo sini ina kosa, tena kubwa kuliko kikombe cha kahawa.

Na wa kwenye benchi asisubiri mtengenezaji abadilike. Kelele zake ndizo zimefanya waigizaji waanze kuvua wigi kabla ya kulala, kwa hiyo zina nguvu. Siku bibi akitokea kwenye skrini na muziki ukaanza kunguruma, mmoja pale nyuma apaze sauti kama alivyoipazia ile Porsche: "Huyo si katoka kupika?"

Wewe mdau, ni sini ipi uliwahi kuiamini ukaja kugundua ukubwani kwamba katikati kulikuwa na kipande kimekatwa?